Ndoa Ikivunjika Ugenini: Kibali cha Kukaa Kiko Mikononi mwa Nani?

*Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakaazi, wengi wao wazazi wenye watoto walioolewa au kuoa nje ya nchi. Tunayachapa kwa ombi la waliohudhuria, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.*

  

Kabla sijaanza, niseme jambo moja ili nisije nikalaumiwa baadaye. Katiba yetu ya mwaka 2010 imegawa kazi kati ya serikali kuu na serikali za kaunti. Uhamiaji na uraia ni kazi ya serikali kuu. Kaunti haitoi pasipoti, haitoi viza, wala haiwezi kumpigia simu ofisa wa nchi nyingine ikamwambia, "Mwachieni binti yetu akae." Kwa hivyo sikuja kuahidi kitu.

Mbona basi nimekuja? Nimekuja kwa sababu ofisi yetu ya habari iko karibu na barabara, mlango uko wazi, na watu huingia. Anakuja mama ana simu mkononi, anasema, "Mwanangu yuko Ujerumani, mumewe amemfukuza, nifanye nini?" Anakuja kijana aliyeoa Mwingereza, wametengana, hajui kama atafukuzwa nchini humo. Anakuja bibi wa kutoka Tanga, ameishi Vanga miaka mingi, mume amempa talaka, na hana karatasi hata moja. Wote wana swali moja: ndoa iliyonileta hapa ikiisha, je, haki yangu ya kukaa nayo imeisha?

Jibu la swali hilo si "ndiyo" na si "hapana". Linategemea nchi, miaka mliyokaa pamoja, watoto, na sababu ya kuachana. Lakini liko jibu, na limeandikwa katika sheria. Ubaya ni kwamba wengi wetu tunalipata tukiwa tumechelewa.

Kosa langu mwenyewe

Nawaambia haya kwa ruhusa ya mwenyewe. Nina dada, mtoto wa mama mdogo, aliyeolewa na Mjerumani. Walijuana hapa hapa Diani, wakafunga ndoa, akasoma Kijerumani mpaka akafaulu mtihani wa kwanza, akapata viza, akaenda. Tulimsindikiza uwanja wa ndege watu kumi na wanne.

Alipokuwa amekaa kule mwaka mmoja na miezi minne, alinipigia simu usiku. Alisema mumewe anampiga. Alisema pia kwamba mume anamwambia, "Ukitoka kwenye mlango huu, kesho yake uko kwenye ndege." Akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye mwandishi wa habari wa ukoo: "Dada, ni kweli?"

Nilikuwa nimesikia kwamba sheria ya Ujerumani inataka miaka mitatu. Sikuuliza zaidi ya hapo. Nikamwambia, bado mwaka mmoja na miezi minane, jikaze, usifanye kelele, mvumilivu hula mbivu.

Alijikaza miezi tisa. Mwishowe jirani aliyesikia kelele ndiye aliyewaita polisi. Akapelekwa kwenye nyumba ya hifadhi ya wanawake, na huko mshauri akamweleza, mara ya kwanza tangu afike nchi ile, kwamba sheria ileile inayotaka miaka mitatu ina kifungu kinachosema miaka hiyo haihitajiki pale mtu anapodhulumiwa nyumbani. Kifungu hicho kilikuwepo usiku ule aliponipigia simu.

Alipata kibali chake mwenyewe, lakini kwa shida, kwa sababu alipoulizwa ushahidi wa miezi ile tisa hakuwa nao. Hakwenda kwa daktari. Hakupiga ripoti. Alikuwa amefuata ushauri wangu wa kutofanya kelele. Leo anafanya kazi katika nyumba ya kuwatunza wazee, na tunazungumza vizuri. Siku moja tu aliniambia, "Ungeniuliza kwanza kama niko salama, ndipo uhesabu miaka."

Ndiyo sababu nimesoma jambo hili, na ndiyo sababu niko mbele yenu.

Tuanze na Ujerumani

Naanza na Ujerumani kwa sababu hapa Ukunda na Diani huko ndiko wengi wa watoto wetu wameolewa. Sheria inayohusika ni sheria ya ukaazi ya nchi hiyo, na kifungu cha kukumbuka ni cha 31. Andikeni namba hiyo.

Mtu anapoingia Ujerumani kama mke au mume, kibali chake cha kwanza kimesimama juu ya ndoa. Ndoa ni nguzo, kibali ni paa. Kifungu cha 31 kinaeleza ni lini paa hilo linaweza kusimama bila nguzo ile.

Kwanza, wanandoa wakiwa wameishi pamoja ndani ya Ujerumani kihalali kwa miaka mitatu, aliyekuja kwa ndoa ana haki ya kupewa kibali chake mwenyewe, kisichomtegemea mwenzake. Zamani ilikuwa miaka miwili. Mwaka 2011 ikapandishwa kuwa mitatu. Sikilizeni vizuri maneno haya: *kuishi pamoja*, tena *ndani ya Ujerumani*. Miaka mliyoishi pamoja Ukunda haihesabiwi. Tarehe iliyo kwenye cheti cha ndoa siyo inayoanzisha hesabu. Na hesabu inasimama siku mnapotengana, haingoji talaka. Kule korti kwa kawaida haitoi talaka mpaka wanandoa wawe wametengana mwaka mzima. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa bado ni mke kwenye karatasi, na hesabu yake ya miaka mitatu ilikwisha kusimama zamani.

Kibali hicho cha kwanza cha kujitegemea ni cha mwaka mmoja. Katika mwaka huo, hata kama unapokea msaada wa serikali, hilo halikunyimi. Baada ya hapo utatarajiwa uwe unajitegemea kwa kipato. Na usiambiwe huwezi kufanya kazi: kibali cha mke au mume kinaruhusu kufanya kazi tangu mwanzo. Anayemwambia mkewe "wewe huruhusiwi kuajiriwa hapa" anasema uongo, na uongo huo una kazi yake. Mtu asiye na mshahara wake ni vigumu kuondoka.

Pili, mwenza akifariki wakati mnaishi pamoja kule, miaka mitatu haiulizwi. Mjane hafukuzwi kwa sababu ameondokewa.

Tatu, na hili ndilo sikulijua: miaka mitatu inaachwa pale ambapo kumlazimisha mtu aendelee na ndoa, au kumrudisha kwao, kungemletea ugumu mkubwa usio wa kawaida. Sheria inataja dhuluma za nyumbani kwa jina. Inataja pia maslahi ya mtoto anayeishi na wanandoa hao. Dhuluma si ngumi peke yake. Vitisho, kufungiwa ndani na kuteswa kwa maneno pia ni dhuluma. Lakini ofisi ya wageni, ambayo kwa Kijerumani huitwa Ausländerbehörde, itataka kuona ushahidi: ripoti ya polisi, barua ya daktari, maelezo ya nyumba ya hifadhi, ujumbe wa simu, majirani waliosikia.

Nne, mtoto. Mtoto ambaye baba au mama yake wa ndoa ni Mjerumani ni raia wa Ujerumani. Mzazi mgeni anayemlea mtoto huyo na mwenye haki ya malezi ana njia yake ya kupata kibali, kwa jina la mtoto, si kwa jina la mume. Mama anayeambiwa "utaondoka, mtoto atabaki" aonane na mshauri kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.

Iko namba ya simu ya taifa ya kuwasaidia wanawake wanaodhulumiwa nchini Ujerumani: 116 016. Ni ya bure, inapokelewa usiku na mchana, na wanaojibu hutumia lugha nyingi, Kiingereza kikiwemo. Huhitaji kutaja jina. Mzazi aliye hapa, mtumie mwanao namba hiyo leo, hata kama ndoa yake ni ya furaha. Namba ya zimamoto tunaihifadhi nyumba ikiwa haijaungua.

Likizo isiyo na tiketi ya kurudi

Kuna jambo jingine linalotokea hapa hapa, si kule. Mume anamwambia mkewe, "Twende Kenya tukasalimie wazazi." Wanafika, wanakaa wiki mbili, mume anarudi peke yake. Ameondoka na pasipoti ya mke, ameondoka na kadi ya kibali. Mke anabaki kwao, anaona haya kusema, anawaambia majirani "nitafuata mwezi ujao."

Wakati huo saa inakwenda. Kwa sheria ya Ujerumani, kibali cha kawaida hufa chenyewe ukiwa nje ya nchi hiyo zaidi ya miezi sita bila ruhusa ya ofisi. Anayetaka kukuondoa bila kesi anachohitaji ni kukunyamazisha miezi sita tu.

Kwa hivyo yakikufika, usikae kimya. Pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya. Mume au mke hana ruhusa ya kuizuia. Piga ripoti polisi kwamba imechukuliwa, uombe nyingine, na uwasiliane na ubalozi wa nchi ile uliopo Nairobi mapema, ukiwa na nakala za karatasi zako. Hapo ndipo mtaona umuhimu wa nakala, nami nitalirudia hilo.

Uingereza na Marekani

Uingereza hawahesabu kama Wajerumani. Anayekwenda kwa mwenzi wake hupewa kwanza miezi 33, kisha huongezewa miezi 30, na baada ya miaka 5 anaweza kuomba makazi ya kudumu. Mkiachana kabla ya hapo, mnatakiwa kuiarifu Home Office, yaani wizara yao ya mambo ya ndani. Nayo ikijua, inaweza kuifupisha ruhusa yako, mara nyingi ibaki siku 60, uombe njia nyingine au uondoke.

Njia nyingine zipo. Mwenye mtoto ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu anaweza kuomba kama mzazi. Aliyefiwa na mwenzi anaweza kuomba makazi ya kudumu bila kungoja miaka mitano. Na ambaye uhusiano wake umevunjika kwa sababu ya dhuluma za nyumbani anaweza pia kuomba makazi ya kudumu mara moja. Asiye na pesa anaweza kwanza kuomba ruhusa ya muda ya miezi mitatu inayomfungulia msaada wa serikali, ili apate pa kulala na chakula wakati anatayarisha ombi lake. Tangu Januari 2024, hata yule aliyetelekezwa nje ya Uingereza na mwenzi mdhalimu, kama nilivyoeleza kuhusu ile likizo, anaweza kuomba akiwa huku. Wengi bado hawalijui hilo.

Marekani wana kadi ya masharti. Ukiingia kama mkaazi wakati ndoa yenu haijatimiza miaka miwili, unapewa kadi ya miaka 2 tu. Katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha, mke na mume huomba pamoja ili masharti yaondolewe. Mwenzako akikataa kutia sahihi, au mkiwa mmeachana, bado unaweza kuomba peke yako, mradi uthibitishe kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, au kwamba ulidhulumiwa. Ndoa ya kweli huonyeshwa kwa vitu vidogo vidogo: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bili ya stima, picha za familia, akaunti ya pamoja. Usitupe karatasi.

Mtaona nchi hizi tatu zinatofautiana kwa miaka lakini zinakubaliana jambo moja: mtu asilazimishwe kuchagua kati ya kipigo na kufukuzwa. Hata mkataba wa nchi za Ulaya wa mwaka 2011 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, katika kifungu cha 59, unasema hivyo.

Wageni walioolewa kwetu

Sasa tugeuze kioo. Tunawalilia watoto wetu walioko Ulaya, lakini hapa kwetu wako wake na waume wageni wanaoishi kwa hofu hiyo hiyo. Kutoka Lunga Lunga kwenda Horohoro ni hatua chache, na koo zetu ziko pande zote mbili za mpaka. Tunaoa Tanga, tunaozesha Tanga. Kuvuka mpaka kuja arusini ni jambo moja. Kuwa na haki ya kukaa ni jambo lingine.

Sheria yetu inasema hivi. Katiba, kifungu cha 15, inampa haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia mtu aliyekuwa katika ndoa na Mkenya kwa muda usiopungua miaka 7, awe mwanamke au mwanamume. Zamani haki hiyo ilikuwa ya wake wa Wakenya tu. Mume mgeni wa Mkenya hakuwa nayo. Kabla ya miaka hiyo saba, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamruhusu aliye katika ndoa na Mkenya kwa angalau miaka 3 kuomba ukaazi wa kudumu.

Lakini angalieni. Anayeomba uraia kwa ndoa anatakiwa awe bado anaishi na mwenzake siku anapoomba. Mama aliyeishi na mume miaka kumi bila kuomba chochote, kisha akaachwa, mlango huo umemfungia. Miaka ilipita ikiwa yake, na hakuitumia. Anayeishi kwa pasi ya mtegemezi naye, pasi hiyo inamtegemea aliyemdhamini. Utegemezi ukiisha, itabidi atafute msingi mwingine wa kukaa.

Kwa upande mwingine, aliyekwisha kuupata uraia hapokonywi kwa talaka. Kifungu cha 13 cha Katiba kinasema wazi kwamba uraia haupotei kwa kuoa, kuolewa wala ndoa kuvunjika. Mume akikutishia, "Nikikuacha nitakurudisha kwenu," na wewe una cheti cha uraia ulichokipata kwa ukweli, mjibu kwamba cheti hicho hakukupa yeye.

Na watoto? Kifungu cha 14 kinasema mtoto ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba au mama yake ni raia wa Kenya, hata kama amezaliwa nje ya nchi. Ndoa ya wazazi ikivunjika, uraia wake uko palepale.

Nimalizie sehemu hii kwa ombi kwa wanaume wenzetu na wazee wa mitaa. Ndoa nyingi za mpakani zinafungwa mbele ya mashahidi na haziandikishwi. Kwa Mungu ni ndoa, hakuna anayebisha. Lakini mbele ya ofisa wa uhamiaji, ndoa isiyo na cheti ni maneno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote huandikishwa. Talaka nayo iandikishwe. Mwanamke anayepewa talaka kwa ujumbe wa simu, bila karatasi, hana cha kuonyesha wala kwa kadhi wala kwa uhamiaji kwamba alikuwa nani katika nyumba ile.

Mambo ya kufanya mapema

Kabla ya safari, acha nyumbani nakala za pasipoti, viza, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ziweke kwa mama, kwa kaka, kwa mtu usiyemshuku. Kibali kikitoka kule, kipige picha mbele na nyuma, uitume nyumbani siku hiyo hiyo.

Ukifika, andika tarehe mliyoanza kuishi pamoja. Jifunze lugha. Fungua akaunti yako mwenyewe ya benki. Jua jina la ofisi inayoshughulikia kibali chako, na siku kibali kinapoisha. Usimwachie mwenzako peke yake kazi ya kufungua barua.

Mambo yakiharibika, jambo la kwanza ni usalama. Kisha mwone mshauri au wakili *kabla* ya kuhama, kabla ya kutia sahihi, kabla ya kurudi nyumbani. Ukiumizwa, nenda kwa daktari umweleze ukweli. Usiseme umeanguka ngazini. Na kibali kisiishe ukingoja mambo yatulie. Ombi linalopelekwa kibali kikiwa hai husikilizwa kwa namna tofauti na lile la mtu ambaye muda wake umepita.

Balozi zetu za Berlin na London zinaweza kukusaidia kupata pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Haziwezi kukupa kibali cha kukaa; hicho hutoka kwa wenyeji. Kwa walio hapa Kenya, simu ya bure ya kuripoti dhuluma za kijinsia ni 1195, na ya watoto ni 116. Maombi ya uhamiaji hufanywa kupitia eCitizen, na mwenye kuhitaji msaada wa kisheria asiyeweza kulipa wakili anaweza kuuliza kuhusu huduma ya taifa iliyoundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Maswali ya wakaazi

*Mzee mmoja aliuliza: Hizi sheria hazitawafanya vijana waolewe kwa ajili ya karatasi tu, wangoje miaka mitatu waondoke?*

Mzee, swali lako ni la haki. Ndoa ya uongo ni kosa kila nchi niliyoitaja, na hapa kwetu pia. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa. Anayefunga ndoa ya karatasi ajue kwamba maofisa huuliza, hutembelea nyumba, na hulinganisha majibu. Lakini sheria hizi hazikutungwa kwa ajili ya huyo. Zimetungwa kwa ajili ya aliyekwenda kwa mapenzi ya kweli na mambo yakamharibikia. Hatufungi zahanati kwa sababu yuko mtu mmoja aliyejifanya mgonjwa.

*Mama mmoja aliuliza: Mwanangu ameolewa kule mwaka wa pili. Hapigwi, ila hawaelewani, wanataka kuachana kwa amani. Je, atafukuzwa?*

Mama, sitakupa maneno matamu. Chini ya miaka mitatu, bila mtoto, bila dhuluma na bila ugumu mwingine mkubwa, kibali cha ndoa kinaweza kufupishwa au kukataliwa kuongezwa. Lakini ndoa si njia pekee ya kukaa. Kama amepata nafasi ya mafunzo ya kazi au kazi ya ustadi, anaweza kuuliza kama atapewa kibali kwa msingi huo. Aulize sasa, kabla hawajatengana, si baada ya barua kufika. Na ikibidi arudi, arudi. Nyumba iko, watu wako. Kurudi si aibu.

*Kijana mmoja aliuliza: Mbona umezungumza kama kwamba ni wanawake tu?*

Umenikosoa vizuri. Sheria zote nilizozitaja zinamhusu mume sawasawa na mke. Kijana wa Diani aliyeolewa na bibi wa Kizungu, tuseme kama mnavyosema wenyewe mitaani, anaweza kudhulumiwa, kunyang'anywa pasipoti na kutishwa. Tofauti ni kwamba yeye huona haya zaidi kusema. Kwa hivyo ninakwambia wewe, uwaambie wenzako: aibu ya kusema huisha siku moja, ya kunyamaza huisha pamoja na kibali.

Neno la mwisho

Wahenga walisema ndoa ndoana. Hatuwezi kuwazuia watoto wetu kupenda, wala hatutaki. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba anayekwenda anajua haki zake kabla ya kuzihitaji.

Wewe mzazi huhitaji kuwa wakili. Mwanao akikupigia simu usiku, usianze kuhesabu miaka kama nilivyohesabu mimi. Muulize kwanza, "Uko salama?" Kisha mpe namba. Kisha mwambie aulize wenye kujua, asiulize mume, asiniulize mimi, na asiulize ukumbi wa WhatsApp wa ukoo.

 Mlango wa ofisi ya habari uko wazi siku za kazi. Hatutoi vibali, lakini tutakueleza ni wapi pa kuuliza.